Kupima kwa mkoba wa kazi wa kidijitali katika darasa la wanafunzi 80

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na shule za serikali hapa Dodoma zilipata mgao wake. Vingine vinafanya kazi kila siku. Vingine vimelala kabatini, na vingine vimepasuka kioo zamani. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye kimoja kinachowaka, au hata simu janja yake mwenyewe, mwenye darasa lililojaa hadi dirishani, na ambaye mtaala unamtaka apime umahiri ilhali mazoea yetu sote ni jaribio la karatasi la mwisho wa mwezi.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024. Ukifungua muhtasari wa somo lolote utakuta umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za mwanafunzi na vigezo vya upimaji. Vigezo vingi kati ya hivyo havipimiki kwa maswali ya kuchagua. Huwezi kujua kama mtoto anasoma kwa mtiririko kwa kumwekea A, B, C na D. Hapo ndipo mkoba wa kazi unapoingia: kazi chache za mwanafunzi mmoja, zilizochaguliwa kwa makusudi, zenye tarehe, ngazi aliyofikia, maoni yake na maoni ya mwalimu, zinazoonyesha alianzia wapi na sasa yuko wapi. Wa kidijitali ni huohuo, ila kazi zinahifadhiwa kwa picha, sauti na mara chache video.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukiwa na picha 600 za wanafunzi kwenye kishikwambi, huna mkoba, una albamu. Albamu inageuka kipimo kwa mambo matatu: vigezo vilivyoandikwa kabla ya kupiga picha, mwanafunzi aliyechagua kazi yake na kusema kwa nini, na mwalimu wa pili aliyesahihisha sehemu ya kazi hizo bila kuona alama zako. Hatua zifuatazo zote zinazunguka hapo.

Hatua ya kwanza: chukua umahiri mmoja au miwili tu

Usianze na somo zima, na usianze na shule nzima hata kama mwalimu mkuu amefurahi na anataka kulitangaza jambo hili kwenye kikao cha kata. Chukua mkondo mmoja, muhula mmoja, umahiri mmoja au miwili. Chagua ule ambao karatasi inashindwa kuupima.

Mifano miwili nitakayoitumia hapa ni kusoma kwa sauti katika Kiswahili darasa la nne, na kazi ya kupima mvua katika Jiografia na Mazingira. Ya pili ina msimu wake: mvua yetu ni moja kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo ikipita Machi hujaanza, subiri mwaka ujao au tafuta kazi nyingine. Shule yenye mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi) yenye kilimo inaweza kuchukua kupogoa mzabibu, maana Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka na mwanafunzi anapata nafasi ya kurudia kazi ileile na kuonyesha amebadilika.

Kazi tatu kwa kila mwanafunzi kwa muhula zinatosha: moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni. Najua zinaonekana chache. Zidisha mara 80.

Hatua ya pili: andika vigezo kabla hujagusa kamera

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama kazi yote ina maana. Andika ngazi nne, kila moja kwa sentensi inayoeleza kitu unachoweza kukisikia au kukiona. "Anasoma vizuri sana" siyo kigezo, kwa sababu mimi na wewe tutalielewa "vizuri sana" tofauti.

Kwa kusoma kwa sauti, kifungu kifupi cha dakika moja hivi, ngazi za mtiririko zinaweza kuwa:

4 – Anasoma kwa mafungu ya maneno, anatua penye nukta na mkato, sauti inapanda penye swali. Akikosea anajirekebisha mwenyewe.
3 – Anasoma kwa mafungu, anakwama kwenye maneno machache marefu, anapita baadhi ya vituo.
2 – Anasoma neno moja moja, kwa mapumziko kila baada ya neno.
1 – Anasoma kwa silabi, au anabuni maneno yasiyoandikwa.

Uelewa upime peke yake, kwa maswali mawili ya mdomo baada ya kusoma. Ukichanganya mtiririko na uelewa kwenye ngazi moja utakwama kwa mtoto wa tatu tu, yule anayesoma kama mtangazaji wa redio lakini ukimuuliza mbuzi alipotelea wapi anakutazama.

Kisha amueni, walimu wa somo kwa pamoja, mambo yanayoleta ubishi hapa kwetu. Watoto wengi wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wanazungumza Kigogo nyumbani, na baadhi yao watasoma "lafiki yangu" palipoandikwa "rafiki yangu". Mwalimu mmoja atashusha ngazi, mwingine hatajali. Kwa maoni yangu, kama unapima mtiririko, hilo lisishushe ngazi. Liandike kwenye maoni na ulishughulikie kwenye kipindi cha matamshi. Unaweza kuamua vingine. Muhimu ni kwamba uamuzi uwe umeandikwa na uwe mmoja kwa watoto wote, siyo utegemee mwalimu aliyeshika kishikwambi siku hiyo.

Kwa kipimamvua vigezo vinakuwa rahisi zaidi, maana kifaa chenyewe kinasema. Chupa ya maji ya plastiki imekatwa juu, kipande cha juu kimegeuzwa kuwa faneli, rula imebandikwa ubavuni. Angalia chini ya chupa. Kitako cha chupa nyingi kina mabonde, hivyo maji ya kwanza hayana kina kinachosomeka. Mtoto aliyeelewa ataweka kokoto, atamimina maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, na sifuri ya rula yake itaanzia hapo. Aliyeiga tu, rula yake itaanzia mezani. Picha moja iliyopigwa kwa ubavu, kamera ikiwa usawa wa maji, inakuonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maswali matano ya kujaza nafasi.

Vigezo vikikamilika, viandike kwenye manila kwa lugha ya watoto na kuvibandika ukutani. Mwanafunzi hana sababu ya kubahatisha unachokitafuta.

Hatua ya tatu: ruhusa na faragha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za mtoto kuwa taarifa nyeti. Picha ya uso wa mtoto, sauti yake, jina lake na alama zake vyote vimo. Kwa hiyo anza kwa mwalimu mkuu, upate idhini ya maandishi, kisha jambo lipite kwenye kamati ya shule na kikao cha wazazi. Andaa fomu ya nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi: tunarekodi nini, kwa sababu gani, nani ataona, itakaa mpaka lini. Mzazi asiyesoma asomewe na aulizwe, asisukumiwe wino wa dole gumba.

Kwenye kikao swali litakuja, na aghalabu litatoka kwa bibi aliyekaa nyuma: "Mwalimu, hizo picha za wajukuu zetu mnazipeleka wapi?" Jibu liwe fupi na la kweli: "Bibi, haziendi popote. Zinakaa kwenye kifaa cha shule na kwenye flashi iliyofungiwa ofisini. Tunapiga picha ya kazi, siyo ya sura ya mtoto. Ukitaka kuona ya mjukuu wako, karibu siku yoyote ya kikao." Ukishatoa jibu hilo, liheshimu. Mzazi akikataa, mtoto wake anapimwa vilevile, kwa vigezo vilevile, ila kazi yake inabaki kwenye jalada la karatasi na mwalimu anaandika ngazi palepale anapomsikiliza. Asibaguliwe na asipoteze alama.

Kanuni za kila siku hazizidi hizi: piga picha daftari, chupa, mchoro au mikono ikifanya kazi, siyo nyuso, jina la mtoto lisionekane kwenye jina la faili, hakuna kutuma kazi ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la walimu wala la wazazi, hata ikiwa nzuri namna gani. Hasa ikiwa mbaya. Watoto hawana simu shuleni, kwa hiyo wewe ndiye mwenye mamlaka yote ya kamera, na ndiyo sababu ya kujibana.

Na usianzishe mchango wa bando. Kama kuna gharama ya flashi au memori kadi, izungumzwe na mwalimu mkuu kwenye matumizi ya ruzuku ya shule.

Hatua ya nne: panga mafolda na majina ya faili

Fanya hivi kabla ya kurekodi mtoto wa kwanza, usiku mmoja, ukiwa umetulia. Folda moja ya darasa, ndani yake folda moja kwa kila mwanafunzi kwa namba yake ya kwenye rejesta: 001 hadi 080. Usitumie namba ya PReM (namba ya usajili wa mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani) kwenye majina ya faili, kwa kuwa hiyo inamfuata mtoto mpaka kwenye mitihani ya taifa.

Jina la faili lifuate mpangilio mmoja daima: darasa, namba, kazi, mara ya ngapi, tarehe. Mfano: 4B_037_kusoma_1_2026-02-10. Mwaka ukitangulia, ukifuatiwa na mwezi na siku, faili zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Orodha inayooanisha namba na majina iwe kwenye daftari lililofungiwa, siyo kwenye kifaa hichohicho.

Nafasi isikutishe. Picha moja ya kishikwambi ina megabaiti 3 hivi. Wanafunzi 80, picha tatu kila mmoja, ni megabaiti 720. Sauti ya dakika moja haizidi megabaiti 1, hivyo rekodi 240 za muhula mzima ni megabaiti 240. Jumla haifiki gigabaiti 1, na memori kadi ya gigabaiti 32 itakutosha miaka. Video ndiyo inayokula: dakika moja kwa ubora wa juu inaweza kuzidi megabaiti 100, na kwa watoto 80 hiyo ni zaidi ya gigabaiti 8 kwa kazi moja. Tumia video pale tu mwendo wenyewe ndio unaopimwa, kama namna mwanafunzi anavyoshika mkasi wa kupogolea, na ipunguze kuwa sekunde 20.

Kuhusu programu, nisiwachoshe. Kamera, kinasa sauti na programu ya mafaili vilivyomo tayari kwenye kifaa vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Akaunti ya Google inatoa gigabaiti 15 za bure, ila iwe akaunti ya shule inayoshikwa na walimu wawili, siyo akaunti za watoto, ambao kwa umri wa shule ya msingi wengi hawajafikisha miaka 13 inayotakiwa. Ipo pia Mahara, programu huria iliyoanzia New Zealand kwa kazi hii hasa ya mikoba, lakini inahitaji seva na mtu wa kuihudumia, waachieni vyuo. Kwa shule ambayo mtandao unapatikana ukipanda kwenye kichuguu, fanya kila kitu nje ya mtandao na uhamishe nakala kwa flashi kila Ijumaa. Nakala mbili, mahali pawili. Kishikwambi kimoja kikianguka kwenye sakafu ya saruji muhula mzima usiende nacho.

Hatua ya tano: kukusanya bila kuua vipindi

Mtoto mmoja akisoma dakika moja na mwingine akija kukaa, ni dakika mbili. Watoto 80 ni dakika 160, yaani vipindi vinne vya dakika 40. Ukijaribu kumaliza kwa siku moja, watoto 79 watakaa wakipiga kelele huku mmoja akirekodiwa, na rekodi zenyewe hazitasikika. Chukua wanane kwa siku, dakika 16, kwa siku kumi za shule, wengine wakiwa na kazi ya kuandika. Fuata namba za rejesta ili asiyekuwepo ajulikane mara moja, na utenge siku mbili za ziada mwishoni kwa watoro na wagonjwa. Msimu wa kilimo utoro unapanda, hilo mnalijua.

Mahali pa kurekodi pana mambo yake hapa Dodoma. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo ni mkali, na kinasa sauti kilichowekwa barazani kitarekodi upepo badala ya mtoto. Stoo ya vitabu ni bora kuliko chini ya mti, kwa kuwa vitabu vinameza mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya mabati ahirisha. Kifaa kiwe juu ya daftari, siyo juu ya meza tupu, umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni. Mwambie mtoto ataje namba yake kwanza, kisha asome. Kwa picha, epuka jua la saa sita linalotupa kivuli cha mkono wako katikati ya daftari; weka daftari kivulini kwenye baraza, simama upande ambao mwanga unatokea mbele yako, kurasa ziwe bapa.

Kifungu cha kusoma kisiwe kilekile mara zote tatu, ila kiwe cha ugumu uleule. Watoto wana kumbukumbu kali. Wa namba 60 atakuwa amekikariri kwa kumsikia wa namba 5. Andaa vifungu vitatu na uvizungushe.

Kwa mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, sauti ni njia ya haki kuliko karatasi, na ripoti yake ya kupima mvua anaweza kuitoa kwa mdomo huku akigusa kifaa chake. Kwa kiziwi, video fupi ya lugha ya alama. Vigezo vya maarifa havibadiliki. Kinachobadilika ni njia ya kuvionyesha.

Umeme: chaji ofisini usiku, zima mtandao na punguza mwanga wa kioo mchana. Shule isiyo na umeme ipange siku za kurekodi zifuatane na siku ambazo kifaa kimetoka kuchajiwa kijijini. Hapo hakuna ujanja mwingine.

Hatua ya sita: mwanafunzi achague na aseme

Baada ya kazi ya pili na ya tatu, mpe mtoto nafasi ya kuona picha zake au kusikia sauti yake mwenyewe. Wengi hawajawahi kujisikia wakisoma. Watacheka, wataziba uso, kisha watanyamaza wasikilize. Muulize ni kazi ipi anataka iwakilishe mkoba wake, na urekodi jibu lake la nusu dakika.

Jibu la kwanza huwa moja kwa watoto wote: "Nimechagua hii kwa sababu ni nzuri." Usiridhike, na usimwekee maneno mdomoni. Swali linalofungua ni hili: "Ungeirudia leo, ungebadilisha nini?" Kwenye kazi ya mvua mwanafunzi anaweza kukuambia, "Jumatano nilisahau kumwaga maji ya Jumanne, ndiyo maana yangu imezidi ya wenzangu." Sentensi hiyo moja inakuonyesha kwamba anaelewa kipimo cha siku ni cha siku hiyo tu, kwamba amelinganisha na wenzake, na kwamba ameona chanzo cha tofauti. Kwenye jedwali lake namba bado ni mbovu. Ungesahihisha jedwali peke yake ungempa ngazi ya 2 na usijue kwamba yuko kwenye 3 au zaidi.

Darasa kubwa halikuruhusu mahojiano marefu na kila mtoto. Wawili wawili waulizane swali hilo wao kwa wao kwanza, wewe urekodi baadaye. Wa darasa la nne wanaweza pia kuandika sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi na picha ikapigwa pamoja na kazi. Haya yote ni kwa lugha wanayoweza. Kama maelezo yanaanza kwa Kigogo na kuishia kwa Kiswahili, acha yaanze. Unapima kupima mvua.

Hatua ya saba: sahihisha, kisha mwingine asahihishe

Jimbo la Vermont, Marekani, lilijaribu jambo hili kwa ukubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990: mikoba ya Hisabati na uandishi kwa darasa la nne na la nane, katika shule za umma za jimbo zima. Watafiti wa taasisi ya RAND walipochunguza matokeo ya mwaka 1992 walikuta walimu wawili wakisahihisha kazi ileile wanatofautiana mno, kiasi kwamba alama hazikufaa kulinganishia shule. Baada ya mafunzo na marekebisho, Hisabati ilipata nafuu mwaka uliofuata. Walimu walisema ufundishaji wao ulibadilika kwa wema, lakini alama zilibaki na walakini. Jimbo la Kentucky nalo lilikuwa na mikoba ya uandishi kwenye mfumo wake wa kupima shule, na mwaka 2009 likaiondoa humo. Wenzetu hao walikuwa na fedha na madarasa madogo kuliko yetu. Kilichokwamisha alama za Vermont ni wasahihishaji kutokubaliana, na makubaliano hayanunuliwi kwa vifaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Sahihisha kazi zote mwenyewe, ukiandika ngazi kwenye karatasi ya peke yake. Kisha chagua kazi 15: tano ulizozipa ngazi ya juu, tano za kati, tano za chini. Mpe mwalimu mwenzako wa somo, au wa shule jirani kwenye kata kama uko peke yako, bila kumwonyesha ulichoandika. Akimaliza, kaeni mlinganishe. Mkikubaliana kwenye kazi 12 au zaidi, mko salama kuendelea. Zikiwa chini ya 10, tatizo liko kwenye vigezo. Rudini hatua ya pili, sikilizeni kwa pamoja zile mlizotofautiana, andikeni upya sentensi iliyowagawa, kisha zipitie tena kazi zote. Namba hizo ni kipimo changu cha kazi, siyo kanuni ya Baraza la Mitihani. Tofauti ya ngazi mbili kwenye kazi yoyote, hata moja, ijadiliwe mpaka ieleweke.

Jambo hili linagusa heshima ya watu. Mwalimu mkongwe hatapenda kuambiwa alama zake zina walakini na kijana aliyeajiriwa juzi. Mkaribishe yeye awe wa kwanza kusahihisha zile 15, na kazi zako ndizo ziwe mezani.

Hatua ya nane: kutoka ngazi hadi alama

Mkoba hauondoi jaribio la karatasi wala upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani. Unaingia kwenye tathmini endelevu ya shule, na mwalimu wa taaluma ndiye wa kukubaliana naye sehemu yake iwe asilimia ngapi ya alama ya muhula katika umahiri huo. Anza kwa sehemu ndogo.

Usichukue wastani wa kazi tatu. Mwanafunzi aliyepata 1, 2, 4 ana wastani wa 2.33, na aliyepata 3, 3, 2 ana 2.67. Wastani unasema wa pili ni bora, wakati wa kwanza ndiye anayesoma vizuri leo na wa pili anarudi nyuma na anahitaji kuulizwa kuna nini. Chukua kazi ya mwisho. Kama ya mwisho imeshuka kuliko ya kabla yake, mpe mtoto nafasi moja ya kurudia siku nyingine kabla ya kuandika, maana njaa na homa navyo husoma kwa sauti ya mtoto.

Siku ya wazazi, badala ya kumkabidhi mzazi karatasi ya alama pekee, mpe visikilizio na umwekee rekodi ya Februari na ya Mei, moja baada ya nyingine. Mzazi ambaye hajui ngazi ya 3 ni nini anasikia tofauti bila kufafanuliwa. Fanya hivyo faragha, mzazi mmoja mmoja, na kwa mtoto wake tu. Huwezi kuwamaliza 80 kwa siku moja. Anza na wazazi wa waliokwama kwenye ngazi ya 1, kwa kuwa hao ndio mnaohitaji kupanga kitu pamoja.

Mthibiti ubora akifika, usimwonyeshe kishikwambi kwanza. Mwonyeshe vigezo, karatasi ya zile kazi 15 zenye ngazi za wasahihishaji wawili, na mikoba mitatu: ya mwanafunzi wa juu, wa kati na wa chini.

Mwisho wa mwaka

Desemba, kabla hujafunga shule, pitia kila folda. Acha kazi ya kwanza, ya mwisho, na maelezo ya mtoto. Nyingine futa, na ufute pia kwenye kapu la taka la kifaa na kwenye akaunti ya mtandaoni. Zilizobaki zikabidhi kwa flashi kwa mwalimu atakayepokea darasa hilo Januari, kwa kusaini kwenye daftari la makabidhiano kama vitabu vinavyosainiwa, pamoja na nakala ya vigezo; bila vigezo ngazi ulizoandika hazitamsaidia kitu. Mwanafunzi anayehama shule anaondoka na picha za kazi zake zilizochapwa karatasi moja, ndani ya bahasha ya uhamisho. Na ukihamishwa wewe, toa akaunti zako kwenye kishikwambi, hakikisha nakala iko ofisini, kisha kifutwe chote mbele ya mwalimu mkuu kabla hakijaenda mkononi mwa mwingine.